Lugha ya Mtoto Ugenini: Elimu ya Watoto Waliokimbia Vita, kutoka Tengeru hadi Nyarugusu



Wengi mlitarajia nizungumzie sarufi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimeomba ruhusa nizungumzie jambo jingine ambalo limenikaa rohoni kwa miaka mingi.

1.0 Utangulizi

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi katika Mkoa wa Tabora. Darasani mwangu walikuwamo watoto wa wakimbizi kutoka Burundi. Shule ilikuwa na kipande cha ubao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Mwanafunzi aliyesikika akisema lugha yoyote isiyokuwa Kiswahili alivikwa kibao hicho shingoni, naye alikivaa mpaka amsikie mwenzake akifanya kosa hilohilo na kumkabidhi. Mvulana mmoja wa darasa la tatu alikivaa karibu muhula mzima, kwa sababu hakuwa tayari kumtaja mtu. Mwisho wa mwaka niliandika katika taarifa yake maneno mawili: mzito kuelewa.

Ilinichukua miaka mingi ya kusoma isimu kutambua kwamba taarifa ile ilinihusu mimi zaidi kuliko ilivyomhusu mwanafunzi. Sikuwahi kumuuliza swali hata moja kwa lugha aliyoongea na mama yake. Nilipima Kiswahili chake, nikadhani nimepima akili yake.

Hoja yangu katika mhadhara huu ni moja. Kila mara vita vinapowafukuza watu makwao, wakubwa huchagua lugha ya kuwafundishia watoto kwa kuuliza: je, watu hawa watarejea au watabaki? Wakidhaniwa kuwa watarejea, hufundishwa kwa lugha ya serikali ya kwao. Wakidhaniwa kuwa watabaki, hufundishwa kwa lugha ya wenyeji. Nitajaribu kuonesha kwamba swali hilo si la kielimu, kwamba utabiri huo umeshindwa mara kwa mara hapahapa petu, na kwamba swali linalopaswa kutangulia ni hili: mtoto huyu, leo hii, anaelewa ulimwengu kwa lugha gani?

2.0 Dhana ya Lugha Mama katika Mazingira ya Ukimbizi

Kabla sijaendelea, ni vema nifafanue dhana. Katika mijadala ya elimu ya wakimbizi, mambo mawili yaliyo tofauti huchanganywa. La kwanza ni lugha mama, yaani lugha ambayo mtoto ameanza nayo kusema, kuuliza na kukataa. La pili ni lugha ya mtalaa wa nchi ya asili, yaani lugha ambayo serikali ya nchi alikotoka mzazi imeiweka katika vitabu na mitihani. Kwa Mfini au Mpolandi, mara nyingi mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Kwa mtoto wa Kirundi au wa Kibembe, sivyo. Nyumbani kuna Kirundi au Kibembe, na katika vitabu vya madarasa ya juu kuna Kifaransa. Hivyo basi, tukisema kwamba mtoto huyo anafundishwa kwa lugha ya kwao, inatupasa tuulize: ni lugha ya kwao, au ni lugha ya wizara ya kwao?

Sheria za kimataifa zimeliacha suala hili wazi kwa kiasi kikubwa. Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi, katika ibara ya 22, unataka mkimbizi atendewe sawa na raia katika elimu ya msingi, lakini hautaji lugha. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unakwenda mbele zaidi. Ibara ya 29 inataka elimu imjengee mtoto heshima kwa lugha yake, kwa maadili ya nchi anamoishi na kwa yale ya nchi alikotoka. Zingatieni kwamba mkataba huo haukumtaka mtoto achague upande mmoja. Ni sera zetu ndizo zinazomtaka achague.

3.0 Tengeru: Shule za Kipolandi chini ya Mlima Meru

Mfano wa kwanza utawashangaza baadhi ya wanafunzi. Mashariki ya mji wa Arusha, mahali paitwapo Tengeru, pana makaburi takriban 150 ya Wapolandi. Waliozikwa hapo hawakuja kama walowezi. Walikuwa wakimbizi wa vita.

Katika miaka ya 1940 na 1941 utawala wa Kisovieti uliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya raia kutoka mashariki mwa Polandi na kuwapeleka Siberia na Asia ya Kati. Baada ya makubaliano ya Julai 1941 baadhi yao waliachiwa, na mwaka 1942 zaidi ya watu 100,000, askari na raia, walivushwa kuingia Uajemi. Kutoka huko raia walitawanywa India, New Zealand, Meksiko na Afrika. Afrika Mashariki na ya Kusini zilipokea takriban watu 18,000, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Tanganyika ilikuwa na makazi yao Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Tengeru ndiyo iliyokuwa kubwa kupita zote, ikiwa na watu wapatao 5,000.

Watoto hao walikuwa wamekosa masomo kwa miaka kadhaa, na wengi walikuwa yatima. Jambo la kwanza walilofanyiwa, baada ya chakula na tiba, lilikuwa shule. Zilifunguliwa shule za msingi, za sekondari na za ufundi, na masomo yote yalitolewa kwa Kipolandi. Walimu walikuwa wachache na vitabu vilikuwa haba. Baadhi ya vitabu vilichapishwa Yerusalemu na kusafirishwa hadi kwetu. Serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London ilitaka watoto hao wawe tayari kurejea na kuijenga nchi.

Hawakurejea, walio wengi. Mwezi Julai 1945 Uingereza na Marekani ziliacha kuitambua serikali hiyo ya uhamishoni, na vijiji walikotoka wengi wao vilikuwa tayari ndani ya mipaka ya Muungano wa Kisovieti. Wakaenda Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Mwaka 1949 zaidi ya yatima 100 waliokuwa Tengeru walipelekwa Kanada kupitia Italia, huku serikali mpya ya Warszawa ikilalamika kwamba watoto wake wanaibwa.

Utabiri, basi, ulishindwa. Je, elimu ilipotea? La hasha. Watoto wale walifika Kanada na Uingereza wakiwa wanajua kusoma, kuandika, kuhesabu na kujieleza. Kiingereza kilikuwa lugha mpya kwao, lakini usomi haukuwa jambo jipya. Walichojengewa Tengeru kwa Kipolandi kilihamishika.

Sitaki, hata hivyo, kuipaka Tengeru rangi nzuri kupita kiasi. Utawala wa kikoloni uliwaruhusu watoto wa Kizungu wasome kwa lugha yao hadi sekondari, ilhali mtoto wa Kimeru aliyeishi jirani yao hakuwa na nafasi ya namna hiyo. Funzo ninalolichukua Tengeru si ukarimu wa mkoloni. Ni kwamba jambo linaloelezwa leo kuwa haliwezekani, yaani shule kamili kwa lugha ya mtoto mkimbizi, liliwezekana katika ardhi yetu, wakati wa vita kuu, na kwa vitabu vichache.

4.0 Ulyankulu, Katumba na Mishamo: Kiswahili kama Mwenyeji

Mfano wa pili ndio ule wa mvulana niliyemtaja. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwaleta Tanzania zaidi ya watu laki moja. Walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba na baadaye Mishamo, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Katavi. Tanzania ilisifiwa duniani kwa hatua hiyo, na ilistahili sifa. Shule za makazi hayo zilifuata mtalaa wa Tanzania, na lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili, kama ilivyokuwa katika shule zote za msingi nchini baada ya Azimio la Arusha.

Mimi ni mwanafunzi na mtumishi wa Kiswahili, na sitaki kuyadharau mafanikio yake. Kiswahili kiliwapa watoto wale soko, marafiki, na hatimaye uraia. Baada ya mazungumzo ya mwaka 2007, wengi walichagua kubaki, na takriban 162,000 walipewa uraia wa Tanzania. Vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Kwa hao, utabiri kwamba wangebaki ulikuwa sahihi.

Lakini makumi ya maelfu walichagua kurejea, hasa mwaka 2008 na 2009. Watoto na wajukuu wao, waliozaliwa Tanzania, waliingia katika shule ambazo madarasa ya chini hufundishwa kwa Kirundi na ya juu kwa Kifaransa. Kijana aliyekaribia kumaliza shule ya msingi kwa Kiswahili alijikuta akikalishwa na watoto wadogo. Wapo waliokuwa wakikisikia Kirundi kwa bibi tu, wakikielewa pasipo kuweza kukiandika. Nilipozungumza na baadhi ya wazazi waliorejea, sikusikia lawama dhidi ya Kiswahili. Nilisikia jambo moja likirudiwa: kama tungalifundishwa kusoma Kirundi hata kwa saa chache kwa wiki, haya yasingalitupata.

Saa chache kwa wiki. Katika miaka yangu ya ualimu hazikuwapo. Kilichokuwapo ni kibao chenye kamba. Na hapa ndipo sisi wataalamu wa Kiswahili tunapaswa kujihoji. Tumezoea kukiona Kiswahili kama lugha iliyodhulumiwa na Kiingereza, na ni kweli. Ni vigumu zaidi kwetu kuona kwamba mbele ya mtoto wa darasa la kwanza anayejua Kirundi peke yake, Kiswahili nacho kinaweza kutenda dhuluma ileile.

5.0 Nyarugusu: Kifaransa Miongoni mwa Waswahili

Mfano wa tatu uko kinyume cha wa pili. Katika miaka ya 1990 vita vya Burundi, Rwanda na Kongo vilileta wakimbizi wengi kwa mara moja, na msimamo wa Tanzania ukabadilika. Badala ya makazi ya kulima, zikawa kambi. Badala ya mtalaa wa Tanzania, ikawa elimu ya kumwandaa mkimbizi kurejea: Warundi kwa mtalaa wa Burundi, Wakongo kwa mtalaa wa Kongo. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sera ilijengwa juu ya methali hiyo. Lakini mtoto aliyezaliwa kambini hakuwahi kuiona hiyo ngama anayoambiwa arejee.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, wengi wao wakitoka Kivu ya Kusini. Watu hao huzungumza Kibembe, Kifuliiru na lugha nyingine za huko, na aghalabu huzungumza pia Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini mwao pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Tazameni sasa hali iliyotokea. Mtoto anayesema Kiswahili amekimbilia katika nchi ambayo imefanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia elimu ya msingi. Nje ya kambi, mtoto wa Kiha anasoma sayansi kwa Kiswahili. Ndani ya kambi, kila anapopanda darasa, Mkongo anazidi kusoma sayansi kwa Kifaransa, lugha isiyosemwa nyumbani kwake wala kijijini mwa mwenyeji wake. Na yote hayo yakiitwa elimu kwa lugha ya kwao.

Sisemi kwamba uamuzi huo haukuwa na sababu. Cheti kinachotambuliwa Kongo ni mali, na wazazi wengi wenyewe walikitaka Kifaransa. Lakini tuangalie matokeo. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1996 alitimiza miaka 18 mwaka 2014, na walikuwapo wengi wa umri huo ambao hawakuwahi kukanyaga Kongo. Kuanzia mwaka 2015 maelfu ya Wakongo wa kambi hiyo walianza kuhamishiwa nchi ya tatu, hasa Marekani. Walioandaliwa kwa Kifaransa ili warejee Uvira na Fizi wakajikuta katika madarasa ya Kiingereza, na lugha iliyowafaa kuwasiliana na mkalimani wa shule ikawa mara nyingi Kiswahili.

Hivyo basi, Wapolandi waliandaliwa kurejea, wakaenda nchi ya tatu. Warundi wa 1972 waliandaliwa kubaki, na sehemu yao ikarejea. Wakongo waliandaliwa kurejea, na sehemu yao ikaenda nchi ya tatu. Hakuna mpanga mitalaa anayeweza kuona mwisho wa vita, na hatupaswi kumlaumu kwa hilo. Tunachoweza kumlaumu ni kuweka msingi wa elimu ya mtoto juu ya jambo asilolijua, hali analo mbele yake jambo analoweza kulijua.

6.0 Isimu Inasema Nini?

Tangu ripoti ya UNESCO ya mwaka 1953 kuhusu lugha za wenyeji katika elimu, wataalamu wengi wamekubaliana kwamba mtoto hujifunza kusoma kwa urahisi zaidi katika lugha anayoijua. Jim Cummins, akiandika Kanada kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, aliongeza mambo mawili yanayotuhusu. Kwanza, stadi za kitaaluma zilizojengwa katika lugha moja huweza kuhamia katika lugha nyingine. Pili, lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo ni vitu viwili. Mtoto mgeni huweza kuzungumza na wenzake vizuri baada ya takriban miaka miwili, lakini huhitaji miaka mitano hadi saba kufikia kiwango cha wenyeji katika lugha ya vitabu. Mwalimu anayemsikia mtoto akicheza kwa Kiswahili fasaha na kumwona akishindwa mtihani huhitimisha kwamba mtoto ni mzito. Mimi nilihitimisha hivyo.

Tove Skutnabb-Kangas na Pertti Toukomaa, mwaka 1976, walichunguza watoto wa Kifini waliohamia Uswidi. Walieleza kwamba waliohamia wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, baada ya kusoma kwanza kwa Kifini, walielekea kufikia kiwango kizuri zaidi cha Kiswidi kuliko waliohamia wadogo. Mbinu za uchunguzi huo zimekosolewa, na si vema kuupa uzito usiostahili. Hata hivyo unakumbusha historia iliyotangulia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, takriban watoto 70,000 wa Kifini walipelekwa Uswidi kwa usalama wao. Walilishwa na kupendwa. Wengi wa wadogo wao walirudi wakiwa wamesahau Kifini, wakakutana na mama zao wasiweze kuongea nao. Usalama wa mwili uliokolewa. Mazungumzo ya mama na mtoto yakabaki upande wa pili wa bahari.

7.0 Pingamizi na Mapendekezo

Nimezoea kusikia pingamizi tatu. Ya kwanza ni gharama. Najibu kwamba walimu wa Kirundi wako miongoni mwa wakimbizi wenyewe, na vitabu vya Kirundi vya madarasa ya chini vipo ng'ambo ya mpaka, safari ya saa chache kutoka Kigoma. Ya pili ni hofu ya ukabila. Najibu kwamba umoja wa taifa letu haukujengwa kwa kuwafanya watoto waone haya kwa lugha za mama zao, na pale tulipofanya hivyo tulikosea. Ya tatu ni nzito zaidi: wazazi hawataki. Mzazi aliyepoteza nyumba na shamba hutaka mtoto apate cheti chenye nguvu, na kwake Kirundi au Kibembe si cheti. Pingamizi hiyo haijibiwi kwa hotuba. Itajibiwa tutakapomwonesha kwamba mtoto aliyeanza kwa lugha yake hukifikia Kifaransa, Kiingereza au Kiswahili akiwa na nguvu zaidi, na kwamba hatutamwacha njiani.

Napendekeza, kwa hiyo, mambo matatu. Kwanza, kusoma na kuandika kuanze kwa lugha anayoijua mtoto, iwe Kirundi, Kibembe au Kiswahili chenyewe, na pasiwe na adhabu kwa lugha yoyote. Pili, lugha ya nchi ya hifadhi ifundishwe kama somo tangu mwaka wa kwanza, hata pale serikali inapotumaini kwamba wageni wataondoka kesho. Tatu, vyeti vya msingi na sekondari vitambuliwe pande zote za mpaka. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Nchi zinazokubaliana kuhusu ushuru wa bidhaa haziwezi kushindwa kukubaliana kuhusu cheti cha mtoto.

Kwenu wanafunzi wa Kiswahili, kazi ipo. Kiswahili cha watoto waliokulia kambini, kilichochanganyika na Kirundi, Kibembe na Kifaransa, hakijaelezwa inavyostahili. Wanaohitaji tasnifu wasiende mbali.

8.0 Hitimisho

Mvulana wa mwaka 1983 sikumwona tena. Huenda ni mmoja wa waliopewa uraia, huenda ni mmoja wa waliorejea. Kwa vyovyote vile, ana zaidi ya miaka hamsini sasa, na pengine amewahi kuisoma ile taarifa yangu. Ningepewa leo nafasi ya kuiandika upya, ningeandika: Hajaulizwa bado kwa lugha yake.

Ni sentensi ambayo inaweza kuandikwa katika taarifa za watoto wengi mno. Natumaini baadhi yenu mtakaokuwa walimu hamtalazimika kuiandika.